Faili la Mgonjwa ni la Nani? Uhakiki wa Ujenzi wa Mfumo wa Taifa wa Kumbukumbu za Afya

Utangulizi

Kila chombo cha kuhifadhi habari za watu hujibu maswali matatu, kwa siri au kwa wazi: nani anaandika, nani anasoma, na nani ananufaika. Daftari la kodi ya kichwa la mkoloni lilijibu maswali hayo bila kificho. Karani aliandika, bwana shauri alisoma, hazina ya dola ya kikoloni ilinufaika. Mwananchi alikuwamo ndani ya daftari, lakini daftari halikuwa lake.

Maswali hayo hayo hapana budi yaulizwe leo, wakati nchi yetu inapojenga mfumo wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu za afya za wananchi wote. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Bima ya watu wengi kiasi hicho haiwezi kuendeshwa kwa makaratasi yaliyofungwa kwa kamba katika kabati la zahanati, na mgonjwa aliyepewa rufaa hawezi kutibiwa vema na daktari asiyejua alikotoka. Kwa hiyo haja ya mfumo ipo, na haina ubishi.

Palipo na ubishi, na panapostahili ubishi, ni katika njia ya kuujenga. Mikutano mingi inayozungumzia jambo hili hujaa majina ya programu, bei za mitambo na ahadi za makampuni. Makada wengi hukaa kimya katika mikutano hiyo, wakidhani kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu yasiyowahusu. Kimya hicho ni kosa. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kumbukumbu ya afya ni uhusiano kati ya watu kabla ya kuwa mtambo, na kwamba mahali ambapo ukweli huo ulisahauliwa mtambo ulianguka, hata katika nchi tajiri.

Mielekeo miwili potofu

Katika jambo hili iko mielekeo miwili ambayo yote ni potofu.

Mwelekeo wa kwanza ni wa kuiabudu mashine. Wenye mwelekeo huu huamini kwamba pakiwa na kompyuta katika kila zahanati, basi foleni zitapungua, dawa hazitapotea, wizi utakwisha na wagonjwa watapona. Wanachosahau ni kwamba kompyuta haiwezi kujua kitu ambacho hakuna mtu aliyekiandika. Zahanati yenye mhudumu mmoja aliyechoka itatoa taarifa za mhudumu mmoja aliyechoka, ziwe zimeandikwa kwa kalamu au kwa kibonyezo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kutuonya tusiifanye fedha kuwa msingi wa maendeleo. Leo wako wanaoitoa fedha mahali hapo na kuiweka kompyuta.

Mwelekeo wa pili ni wa kuiogopa mashine. Wenye mwelekeo huu husema kwamba mambo haya ni ya Wazungu, sisi bado. Nao hapana budi tuwajibu kwa historia yetu wenyewe. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jitihada za kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine zilikwama, kwa sababu wazalendo waliokuwa na ujuzi wa kuzisimamia walikuwa wachache mno, na mwaka 1974 Serikali ikazuia uingizaji wa kompyuta nchini. Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake, maana fedha za kigeni zilikuwa adimu na hasara ilikuwa imeonekana. Lakini tuupime kwa matokeo yake. Marufuku haikutupatia wataalamu tuliowakosa. Ilituchelewesha kuwapata. Vijana ambao wangejifunza katika miaka ile hawakupata pa kujifunzia, na milango ilipofunguliwa tena tulijikuta wanunuzi kuliko waundaji.

Mielekeo yote miwili ina mzizi mmoja. Yote huitazama mashine peke yake na kuacha kuwatazama watu wanaoizunguka: anayeiandikia, anayeisoma, anayeimiliki na anayeandikwa ndani yake.

Somo la Uingereza, 2002–2011

Tuchukue mfano wa nchi isiyokosa fedha, umeme wala wataalamu. Mwaka 2002, wakati wa Waziri Mkuu Tony Blair, Serikali ya Uingereza iliamua kuipatia England mfumo mmoja wa kumbukumbu za afya. Huduma ya afya ya nchi hiyo, NHS, ni ya umma tangu mwaka 1948 na mgonjwa hutibiwa bila kulipa mlangoni. Kwa hiyo lengo lilikuwa jema: kila raia awe na faili moja la kompyuta, litakalosomwa popote atakapougulia.

Tuangalie njia iliyotumika. England iligawanywa katika kanda tano. Kati ya mwishoni mwa mwaka 2003 na mwanzoni mwa 2004, makao makuu yalitia sahihi mikataba ya miaka kumi na makampuni manne makubwa: Accenture ilipewa kanda mbili, na BT, CSC na Fujitsu kanda moja moja. Mikataba hiyo, pamoja na ile ya mtandao na huduma za pamoja, ilikuwa na thamani ya pauni bilioni 6.2. Hospitali ambazo zingetumia mifumo hiyo hazikuwa mkandarasi wala mteja. Zilikuwa zapokea. Madaktari na wauguzi walioulizwa wanahitaji nini walikuwa wachache, na walioulizwa waliulizwa wakati mambo makubwa yamekwisha amuliwa.

Matokeo hayakukawia. Programu zilizoahidiwa hazikuwa tayari. Nyingine zilipofungwa katika hospitali ziliwafanya madaktari wafanye kazi polepole kuliko awali. Mwezi Aprili 2006 maprofesa na wahadhiri 23 wa fani ya kompyuta waliiandikia barua ya wazi kamati ya afya ya Bunge lao, wakitaka mpango ukaguliwe na watu huru. Mwaka huo huo Accenture ilitangaza kujitoa. Mwaka 2008 mkataba wa Fujitsu ulivunjika na kuzaa kesi ya miaka mingi. Mkaguzi wa Taifa alipopima mwaka 2011 alikuta kwamba pauni bilioni 2.7 zilizokwisha kutumika kwa ajili ya mifumo ya faili za wagonjwa hazikuleta thamani iliyolipiwa. Septemba mwaka huo Serikali ilitangaza kuuvunja mpango. Mwaka 2013 kamati ya Bunge ya hesabu za umma ilitaja gharama ya jumla ya pauni bilioni 9.8, na kuuhesabu mpango huo miongoni mwa mikataba ya umma iliyoharibika vibaya kabisa katika historia ya nchi yao.

Kada anayesoma habari hii asifanye haraka ya kucheka. Wala asiridhike na jibu jepesi kwamba mabepari walikula fedha. Makampuni yalitafuta faida, kama ilivyo ada yao, na baadhi yalipata hasara kubwa. Chanzo cha kushindwa kiko ndani zaidi. Makao makuu yalidhani kwamba kazi ya daktari wa Leeds na ya daktari wa Plymouth inaweza kufungwa katika kigezo kimoja kilichochongwa London, na kwamba waliokuwa na mifumo yao wangeitupa na kupokea mipya kwa amri. Huo ni urasimu. Urasimu huweza kuvaa nguo za umma au za kampuni, na katika mpango huu ulivaa zote mbili kwa pamoja.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni zile sehemu za mpango zilizofaulu, maana zipo. Mitambo ya kutunza na kusambaza picha za eksirei kwa kompyuta ilienea katika hospitali zote za England kufikia mwisho wa mwaka 2007. Kwa nini hii ikafaulu na faili la mgonjwa likashindwa? Kwa sababu kazi yake ilikuwa moja na inaeleweka, teknolojia yake ilikuwa imekwisha kukomaa, na madaktari wenyewe waliitaka kwa kuwa iliwaondolea adha ya kutafuta picha zilizopotea. Hali kadhalika, ule uti wa mgongo wa mtandao unaounganisha vituo mbalimbali ulibaki na ukaendelea kutumika. Na tukumbuke kwamba kabla ya mwaka 2002 karibu madaktari wote wa familia wa nchi hiyo walikuwa wamekwisha kutumia kompyuta katika vyumba vyao vya matibabu. Walianza wao wenyewe, hatua kwa hatua, kwa programu walizozichagua. Kilichoanzia chini kilisimama, na kilichoteremshwa kutoka juu kikaanguka.

Jumla na mtu mmoja mmoja

Sasa turudi nyumbani. Hapa hatuanzi na ukurasa mtupu. Tangu miaka ya 1990 vituo vyetu vya afya vimekuwa na MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kila kada aliyewahi kuingia zahanati ya kijiji ameviona vitabu vyake vikubwa: cha wagonjwa wa nje, cha wajawazito, cha watoto, cha uzazi, cha dawa na vinginevyo. Mwisho wa mwezi mhudumu huhesabu mistari, hujaza fomu ya muhtasari na kuipeleka Halmashauri. Huko takwimu huingizwa katika programu iitwayo DHIS2, ambayo kufikia mwishoni mwa mwaka 2013 ilikuwa imeenea katika nchi nzima.

Programu hiyo ina historia ya kujivunia, na inafaa kusimuliwa katika madarasa yetu. Ilichipuka Afrika ya Kusini baada ya uchaguzi wa mwaka 1994. Utawala wa makaburu ulikuwa umezigawa huduma za afya kwa rangi na kwa vibantustani, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika nchi nzima ina watoto wangapi waliochanjwa. Wanaharakati wa afya na wataalamu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo, walijenga chombo cha kuwawezesha wafanyakazi wa wilaya kujikusanyia na kuzisoma takwimu zao wenyewe. Programu hiyo ni huria: haiuzwi, na kila nchi inaweza kuifungua, kuisoma na kuibadilisha. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa washiriki katika kuijenga hapa kwetu, na leo inatumika katika nchi zaidi ya 70.

Hata hivyo lazima tuelewe chombo hiki kinajua nini na hakijui nini. MTUHA hujua jumla. Inaweza kutuambia ni wagonjwa wangapi wa malaria waliotibiwa Kilosa mwezi wa Machi. Haiwezi kutuambia kwamba mama fulani aliyetibiwa malaria mwezi huo ndiye yule yule aliyeonekana na shinikizo la damu mwezi wa Januari, na kwamba alipewa rufaa kwenda Morogoro lakini hakufika. Muhtasari unapopanda kutoka zahanati kwenda wilayani, kutoka wilayani kwenda mkoani na kutoka mkoani kwenda wizarani, mtu hubaki nyuma na namba ndiyo inayosafiri.

Kumbukumbu ya mtu mwenyewe hukaa wapi basi? Kwa wananchi wengi imekaa katika vitu viwili. Cha kwanza ni daftari la shule ambalo mgonjwa hununua dukani na kwenda nalo zahanati ili daktari aandike ndani yake. Cha pili ni kadi ya kliniki ya mama na mtoto. Wataalamu wengi huvidharau vitu hivi. Lakini tuvihakiki kwa haki. Daftari hupotea, hulowa, huliwa na panya, na likijaa hununuliwa jingine, na historia ya mgonjwa huanza upya. Hayo ni mapungufu makubwa. Pamoja na hayo lina sifa moja ambayo mifumo ya mabilioni imeshindwa kuwa nayo: liko mkononi mwa mgonjwa, huenda naye aendako, na hakuna awezaye kulisoma bila yeye kulitoa. Kadi ya kliniki ni kubwa zaidi. Mama asiyejua kompyuta ni kitu gani anajua kwamba kadi ile ni hati ya uhai wa mwanawe, na huifunga pamoja na vitu vyake vya thamani. Mfumo mpya utakaomnyang'anya mama uwezo huo, na kumfanya aombe kwa karani habari za mwili wake mwenyewe, utakuwa umemrudisha nyuma hata kama mitambo yake inang'aa.

Hapa ndipo linapozuka swali la utambulisho. Ili faili la mtu lisichanganyike na la mwingine, mashine inahitaji alama isiyojirudia. Wengi hujibu upesi kwamba namba ya NIDA itatosha. Lakini utaratibu wa kitambulisho cha Taifa ulijengwa kwa ajili ya watu wa miaka 18 na kuendelea, ilhali sehemu kubwa ya foleni ya zahanati ni watoto. Zaidi ya hayo, mtoto mchanga huandikwa kwa jina la mama yake kabla hajapewa lake. Mwanamke huitwa kwa jina la baba katika kadi moja, kwa jina la mume katika nyingine, na kwa jina la mwanawe wa kwanza mtaani. Karani mmoja huandika Mwajuma, mwingine Mwanajuma. Mzee hukumbuka kuwa alizaliwa mwaka wa njaa, wala hajui tarehe. Mfumo unaowafukuza watu hawa kwa kukosa namba utakuwa umewatupa wale wanaouhitaji zaidi. Kwa hiyo kanuni iwe hivi: namba imfuate mgonjwa, wala matibabu yasiifuate namba.

Nani anaandika?

Katika mijadala mingi ya jambo hili husahauliwa kazi yenyewe. Kumbukumbu ya afya ni zao la jasho. Muuguzi anayewahudumia wajawazito thelathini asubuhi moja huandika majina yao katika kitabu, huandika tena katika kadi zao, huweka alama katika karatasi ya kuhesabia, na mwisho wa mwezi hujumlisha. Ikija kompyuta bila vitabu kuondolewa, basi ataandika mara ya nne.

Tena kompyuta haziji moja. Upo mfumo wa wagonjwa wa UKIMWI, upo wa chanjo, upo wa dawa, upo wa kuendeshea hospitali uitwao GoT-HoMIS ulio chini ya TAMISEMI. Mingi ilizaliwa kwa fedha za wafadhili mbalimbali, na kila mfadhili alitaka takwimu zake, kwa fomu yake, kwa wakati wake. Muuguzi wa kijijini amekuwa karani wa miji mikuu kadhaa ya dunia. Hilo halikupangwa na mtu mmoja kwa nia mbaya. Ni matokeo ya kawaida ya hali ambayo mwenye fedha huuliza swali na mwenye jasho hulijibu.

Urasimu huliona tatizo hili kama uzembe wa watumishi, na hutoa dawa ya semina na vitisho. Uchambuzi sahihi huanzia kwingine. Takwimu huwa mbovu pale anayeziandika hanufaiki nazo. Muhtasari hupanda juu, na marejesho hayashuki. Mhudumu akijua kwamba hakuna atakayemwuliza juu ya namba zake ila zikichelewa, atazipeleka kwa wakati, ziwe za kweli au za kubuni. Lakini pale kamati ya usimamizi wa kituo inapokaa na kuzisoma takwimu hizo hizo, na kuona kwamba kitongoji fulani hakijaleta watoto wa chanjo kwa miezi mitatu, namba huwa silaha ya wananchi na makosa yake husahihishwa upesi.

Nchi hii ina mfano wa jambo hilo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu karibu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Watu walisikiliza, walijadili, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio ilikuwa mashine ngeni kijijini kama kompyuta ilivyo leo. Ilifaa kwa sababu kikundi kilikuwapo kuizunguka, na majadiliano yaliishia katika kazi ambayo watu waliona faida yake.

Nani anamiliki?

Swali la umiliki ndilo linalofichwa zaidi katika mikataba, kwa hiyo tulieleze kwa lugha nyepesi. Mfumo wa kumbukumbu una sehemu nne: vyombo, yaani kompyuta na nyaya, programu inayoviendesha, taarifa zilizomo, na ujuzi wa kuutengeneza unapoharibika. Serikali inaweza kununua sehemu ya kwanza kwa fedha taslimu na ikabaki mtumwa wa mwenye sehemu tatu zilizobaki. Programu ikiwa imefungwa, na taarifa zikiwa zimehifadhiwa kwa namna inayosomwa na programu hiyo peke yake, muuzaji ana ufunguo wa nyumba uliyoijenga wewe. Mwaka wa kuhuisha mkataba ukifika yeye ndiye atakayetaja bei.

Jirani zetu wa Kenya wanalijadili jambo hili kwa uchungu. Mamlaka yao ya Afya ya Jamii, SHA, ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 badala ya mfuko wa zamani wa NHIF, ikitumia mfumo wa kompyuta wenye gharama ya shilingi za Kenya bilioni 104.8 uliotolewa na muungano wa makampuni. Mkaguzi Mkuu wa nchi hiyo alieleza katika ripoti iliyotolewa mwaka 2025 kwamba umiliki na udhibiti wa mfumo huo haukuwa mikononi mwa Serikali. Mwaka huo huo, mwezi Desemba, Mahakama Kuu ya Kenya ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa sehemu ya kupeana taarifa za afya katika makubaliano kati ya Kenya na Marekani, baada ya wananchi kulalamika mahakamani. Ni dhahiri kwamba taarifa za miili ya watu zimekuwa bidhaa inayotafutwa, kama pamba na mkonge zilivyotafutwa.

Upande wa pili wa utegemezi ulionekana pia mwaka 2025. Mwezi Januari Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mwezi uliofuata ukasimamishwa mradi wa DHS, ambao tangu mwaka 1984 ulikuwa ukifanya uchunguzi wa afya na idadi ya watu katika nchi nyingi, yetu ikiwamo. Kwa sahihi ya siku moja, iliyotiwa mbali na hapa, nchi zilipoteza mkono uliokuwa ukizihesabia watoto wao. Hatumlaumu mgeni kwa kuchukua chake. Tunajiuliza kwa nini tulimwachia kazi ambayo hakuna Taifa linalopaswa kuikabidhi.

Kujitegemea hapa kusieleweke vibaya. Hakuna haja ya kila nchi kuanza upya kubuni kila kitu. DHIS2 ilijengwa na mikono ya mataifa mengi na haimfungi yeyote. Maana ya kujitegemea ni kwamba programu iwe wazi kwa wataalamu wetu, taarifa zikae nchini chini ya sheria zetu na ziandikwe kwa kanuni za pamoja zinazosomwa na mfumo wowote, na vijana wetu wawe na uwezo wa kuutengeneza mfumo usiku ule unapozimika.

Siri ya mgonjwa

Mganga wa jadi hushika siri ya mgonjwa wake, na jamii humdharau mganga mropokaji. Mashine haina aibu hiyo. Daftari lililoibwa hutoa siri ya mtu mmoja, lakini mfumo wa Taifa ukivunjwa hutoa siri za mamilioni: nani ana virusi vya UKIMWI, nani aliharibikiwa mimba, nani alitibiwa akili. Katika kijiji ambamo karani wa zahanati ni shemeji wa jirani yako, hofu hiyo ina msingi. Na mwenye hofu haendi kutibiwa, au huenda kwa jina la uongo.

England ilijifunza hilo kwa mara ya pili. Mpango ulioitwa care.data ulikusudia kukusanya mahali pamoja taarifa kutoka katika faili za madaktari wa familia, kwa ajili ya upangaji na utafiti. Mapema mwaka 2014 vipeperushi vilipelekwa majumbani, lakini watu wengi hawakuelewa nani angezisoma taarifa hizo, wala kama makampuni yangeuziwa. Zaidi ya watu milioni moja walijitoa, na mwaka 2016 mpango ukafungwa. Estonia, nchi ndogo ya watu wapatao milioni 1.3, ilichukua njia nyingine. Katika mfumo wake wa Taifa, ulioanza mwaka 2008, raia anaweza kufungua faili lake na kuona ni nani aliyelisoma. Daktari anayechungulia faili bila sababu huacha nyayo, na mwenye faili huziona. Hapo mchunguzwaji amekuwa pia mchunguzi.

Nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Sheria ni msingi mzuri. Lakini sheria ambayo mama wa kliniki hajawahi kuisikia haimlindi hadi mtu amweleze kwamba ana haki ya kuuliza.

Kazi zilizo mbele yetu

Uhakiki usioishia katika kazi ni porojo. Kutokana na haya tuliyoyachambua, kada popote alipo ana wajibu ufuatao.

Kwanza, ahoji mpangilio wa hatua. Mfumo uanze na kazi chache zinazoeleweka, kama vile rufaa, chanjo na dawa, ujaribiwe katika zahanati za kweli zenye umeme wa kukatika, kisha upanuliwe. Uweze kufanya kazi mtandao unapokosekana, na karatasi za dharura ziwepo daima.

Pili, adai kwamba kila kompyuta inayoingia iondoe kitabu. Kifaa kinachoongeza mzigo wa muuguzi bila kumpunguzia chochote kirudishwe kwa mbunifu wake.

Tatu, katika vikao vya halmashauri na bodi, aulize maswali manne ya umiliki bila haya: vyombo ni vya nani, programu ni ya nani, taarifa ziko wapi, na nani atautengeneza mfumo mkataba ukiisha? Asiyeweza kujibu asitie sahihi.

Nne, asimamie kwamba mgonjwa anabaki na chake. Kadi ya kliniki isiondolewe mkononi mwa mama hadi pawe na kitu bora zaidi mkononi humo humo. Kila mwananchi awe na njia ya kuliona faili lake na kumjua aliyelisoma, hata kama njia hiyo ni kwenda dirishani na kusomewa.

Tano, ahakikishe takwimu zinashuka. Muhtasari wa mwezi ubandikwe ukutani kwa Kiswahili chepesi na usomwe katika mkutano wa kijiji, ili wananchi wajue zahanati yao ilitibu wangapi, ilikosa dawa gani na kwa siku ngapi.

Kazi hizi hazihitaji shahada ya kompyuta. Zinahitaji mtu anayejua kuuliza, na anayekaa kuwasikiliza wale ambao mfumo unajengwa kwa jina lao. Mwongozo wa mwaka 1971 ulifundisha kwamba maendeleo hupimwa kwa kadiri watu wanavyozidi kuwa na uwezo juu ya mambo yao wenyewe. Kipimo hicho kinatosha hapa pia. Mama akitoka kijijini Kilosa na kufika hospitali ya mkoa, akakuta daktari anajua historia yake, na yeye mwenyewe anajua nani mwingine anaijua, mfumo utakuwa umejengwa. Akifika na kukuta mitambo ya mabilioni inamwuliza upya jina lake, tutakuwa tumenunua kabati la bei ghali.